Msuli Haukumbana: Mshambuliaji wa Skarvøy Afuta Kauli ya Miaka Thelathini

Ni saa mbili asubuhi na taa za uwanja wa shule bado zinawaka. Gunnvor Tveitane amekaa juu ya trekta dogo, anakwangua theluji iliyolala kwenye nyasi bandia. Kofia ya sufu imemshuka mpaka kwenye nyusi. Kila akikaribia eneo la penalti anapunguza mwendo, maana hapo nyasi zimechakaa na chuma hukwama.

Watoto wanapita kuelekea madarasani. "Gunnvor, tufungie moja!" anapayuka mmoja wao. Gunnvor anainua mkono bila kugeuka.

Ana miaka hamsini na saba na ndiye mtunza majengo wa shule hii. Watu wa kisiwa cha Skarvøy, ambao hawazidi elfu mbili na mia tatu, wanamjua kwa mambo mawili: mechi arobaini na moja alizoichezea timu ya taifa ya wanawake ya Norwei, na ule mguu. Ule mguu uliombana kwenye fainali, akakaza meno akacheza hadi kipenga cha mwisho.

Anazima injini. "Anza na hili, lisifichwe huko chini ya habari," anamwambia mwandishi wetu. "Mguu haukunibana. Nilidanganya. Na nilidanganya kupitia gazeti lenu hilihili."

Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya ukumbi wa mazoezi. Amemimina kahawa vikombe viwili na kufungua mkate wenye jibini ya kahawia, lakini mkate unabaki kwenye karatasi yake. Anapozungumza anautazama mlango.

Alianza kucheza na kaka zake kwenye maegesho ya kiwanda cha samaki. Akiwa na miaka kumi na sita alikuwa mshambuliaji wa timu ya wanawake ya kisiwa. Mchana alipasua chewa kiwandani, jioni alifanya mazoezi. Malipo hayakuwepo. Jezi walipeana zamu ya kufua.

"Tulipofika fainali ya kombe la taifa, kila mmoja wetu alipewa taulo," anasema. "Usicheke. Lilikuwa taulo zuri."

Fainali hiyo ilichezwa Oslo, Oktoba 1995. Kisiwa kilihama. Duka lilifungwa, na mchungaji alisogeza mbele ubatizo wa watu wawili. Gunnvor, akiwa na miaka ishirini na saba, alisawazisha kwa kichwa dakika ya themanini na moja. Matokeo yakabaki sare ya bao moja kwa moja hata baada ya dakika za nyongeza, zikaja penalti.

Kocha wao, marehemu Oddleif Brandal, aliandika majina matano kwenye kiganja chake. La tano lilikuwa la Gunnvor.

Wapinzani walimaliza zao tano wakiwa na mabao manne. Skarvøy walikuwa wamepiga nne na kupata tatu. Mpira mmoja ulibaki. Ukiingia wanaendelea, usipoingia wanarudi nyumbani mikono mitupu.

"Nilimwona yule kipa wao akipiga makofi kwa glovu zake," anakumbuka Gunnvor. "Nikawaza: watu wote wa kwetu wako hapa. Sikufikiri, mkono wangu ulienda wenyewe kushika msuli wa mguu."

Alimwambia kocha msuli umembana, hawezi kukanyaga. Oddleif akageuka huku na huku kutafuta mtu.

Hapo Gunnvor akaongeza neno ambalo, asema, ndilo linalomkosesha raha kuliko yote. "Nilimwonyesha Synnøve kwa kidole. Nikasema: mpe huyu mtoto, miguu yake bado haijachoka."

Synnøve Rognskog alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa ameingia uwanjani dakika kumi za mwisho tu. Alimtazama Gunnvor, akauliza, "Mimi?" Kisha akauchukua mpira, akaenda.

Mpira ulipita juu ya mwamba wa goli.

Jioni hiyo, kwenye kivuko cha kurudi nyumbani, mwandishi wa gazeti hili alimfuata Gunnvor akamuuliza kwa nini penalti ya mwisho ilipigwa na msichana wa akiba. Jibu lake lilichapishwa Jumatatu, ukurasa wa mbele, kando ya picha yake akichechemea. Nakala ipo katika maktaba yetu: "Aliomba mwenyewe. Tusimlaumu, bado mtoto."

"Watu walinisifu kwa huruma yangu," anasema Gunnvor. Uso wake umekuwa mwekundu hadi masikioni. "Mama yangu alinikumbatia. Akasema, umelelewa vizuri."

Wiki tatu baadaye aliitwa timu ya taifa. Mguu ukawa hadithi. Wazazi waliwaambia watoto wanaolia kwa mchubuko, mwangalieni Gunnvor, alicheza fainali na mguu mmoja. Alialikwa shuleni kuisimulia hadithi hiyo, naye akaisimulia. Kila mwaka ilinenepa kidogo.

Synnøve naye alipata yake. Wavulana walipomwona dukani waliinua vichwa kutazama dari na kusema, "Juu! Juu zaidi!" Mtu asiyejulikana alirusha mpira juu ya paa la nyumba yao, ukakaa kwenye mfereji wa maji hadi masika. Mwaka uliofuata aliacha kucheza, akahamia bara.

Alirudi miaka minane iliyopita kumuuguza mama yake, akaajiriwa kwenye kivuko, akiongoza magari na kukata tiketi. Tangu hapo Gunnvor aliijua zamu yake kuliko wenye kivuko wenyewe. "Akiwa zamu ya asubuhi, mimi navuka mchana. Daktari wangu wa meno anadhani sipendi kuamka mapema."

Huenda mambo yangebaki hivyo. Lakini Januari mwaka huu alipokea barua. Kisiwa kinajenga uwanja mpya wenye jukwaa na vyumba vya kubadilishia nguo vya wasichana, na kamati ya klabu ilikuwa imeamua kwa kauli moja kuuita Uwanja wa Gunnvor Tveitane.

"Niliisoma nimesimama hapo, kando ya ndoo ya chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani," anasema. "Nikakaa chini. Nikasema, basi. Hii siwezi."

Kesho yake alipanda kivuko cha asubuhi. Synnøve alikuwa sitahani na koti lake la manjano, akiyapanga magari. Wote wawili wamelieleza gazeti hili mazungumzo yao, na maneno yao yanalingana.

"Synnøve, nina neno na wewe."

"Tunafika baada ya dakika kumi na mbili. Sema."

"Msuli haukunibana."

"Msuli gani?"

"Oslo. Niliogopa. Nikakusukumia wewe."

Synnøve alimwashiria dereva wa lori asogee mbele. Lori lilipotulia, aligeuka.

"Ina maana sikuomba?"

"Hukuomba. Mimi ndiye niliyekutaja."

"Wee Gunnvor!" Synnøve alishika reli ya chuma. "Unajua mimi niliamini niliomba? Nilisoma gazetini, kila mtu akasema hivyo, nikaona basi, kumbe ndivyo nilivyo. Mama mpaka anaingia kaburini alikuwa ananiambia, yale ndiyo malipo ya kiherehere. Kazini nikitakiwa kujitolea jambo lolote, nanyamaza. Miaka thelathini nanyamaza!"

Gunnvor alianza kulia.

"Hapana, usinililie hapa. Nina abiria," Synnøve alimwambia. "Ulilisema gazetini. Kalifute gazetini. Na usinitumie maua."

Kabla ya kuja kwetu, Gunnvor alikwenda kwa mwenyekiti wa klabu, Jostein Myrvåg, mwenye duka la rangi. Jostein alimkalisha, akamkatia keki, akajaribu kumtuliza.

"Gunnvor, yaliyopita si ndwele."

"Kwangu ni ndwele, Jostein."

"Bango limeshachorwa! Na wasichana je? Unataka wajue shujaa wao alikuwa mwoga?"

"Walishafundishwa kwamba Synnøve alikuwa mjinga. Hilo halikukusumbua."

Mwezi uliopita kamati ilikutana tena, na uwanja utakaofunguliwa Mei utaitwa Uwanja wa Skarvøy tu. Alipopigiwa simu, Jostein alisema yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wale wavulana wa dukani. "Nilikuwa na miaka kumi na minne," alisema, akakata simu.

Nasi hatuwezi kunyoosha kidole bila kujitazama. Gazeti hili lilichapisha maneno ya mtu mzima juu ya msichana wa miaka kumi na saba, na halikumuuliza msichana mwenyewe. Wakati ule alikuwa amekaa meza tatu mbele, kwenye kivuko hichohicho.

Safari hii tumemuuliza. Synnøve, mwenye miaka arobaini na saba sasa, alizungumza nasi akiwa mapumzikoni, akila kababu za samaki kutoka kwenye kopo lake. Alisema hajamsamehe Gunnvor na haoni haraka ya kumsamehe.

"Ananisalimia, namwitikia. Kwa sasa tumefika hapo," alisema. Alipoulizwa kama ana la kuongeza, alitafuna kwanza. "Mtaandika kwamba nilikosa. Sawa, nilikosa. Lakini andikeni pia kwamba nilipiga."

Gunnvor anasomewa maneno hayo ofisini kwake. Anaitika kwa kichwa mara kadhaa, kisha anaufunga mkate wake kwenye karatasi.

Jumanne na Alhamisi huwa anawafundisha wasichana wa chini ya miaka kumi na mitatu. Hajui kama wazazi watamwacha aendelee. Alhamisi hii, kabla gazeti halijafika majumbani, amepanga kuwakalisha kwenye mikeka ya ukumbi na kuwaambia mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, pamoja na kile kidole alichokinyoosha.

"Tiril ndiye mshambuliaji wangu," anasema. "Ana miaka kumi na miwili na ataniuliza maswali. Namwogopa kuliko yule kipa wa Oslo."

Nje kumepambazuka, na kengele ya mapumziko imelia. Gunnvor anavaa glovu zake. Anaulizwa anatumaini nini baada ya haya yote, naye anajibu mkono ukiwa juu ya kitasa.

"Sitarajii anisamehe," anasema. "Natumaini siku moja ataikumbuka siku ile kama ilivyokuwa. Kwamba hakujipeleka. Aliitwa, na aliyemwita alikuwa anatetemeka, naye akaenda."