Mguno wa Mama

Siku zile dada yangu alikuwa chuo kikuu, akisomea shahada ya Kiingereza, naye akachagua somo la tamthilia. Mama hakupendezwa hata kidogo. "Nimekupeleka ukasome, mwanangu, wewe unanisomea vichekesho?" Wakakubaliana Mama aende kutazama mtihani wa kuigiza, asiporidhika, dada aliache somo hilo.

Jukwaa lilikuwa meza za darasani zilizounganishwa, na pazia lilikuwa shuka za bwenini. Dada aliigiza ajuza mwenye nyumba. Aliingia ameshika kiuno, akapapasa kiti kabla ya kuketi, kisha akasugua goti la kushoto huku akiguna. Mama, asiyejua neno la Kiingereza, alinifinya.

"Huyu si mimi?"

"Ni wewe, Mama."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Nje, dada alimngojea, nywele bado nyeupe kwa poda. "Haya, Mama, niache?"

"Uache nini? Ila kuguna hujaweza. Njoo nyumbani nikufundishe."

Dada alifundisha tamthilia hadi alipostaafu. Mama hayupo tena. Juzi dada alinitembelea. Akapapasa kiti, akaketi, akasugua goti lake. Mguno ule sasa ameuweza kabisa, wala haigizi.