Maji ya Kutawadhia

Katika msikiti wetu wa Baleni, zama za Wadachi, hakuna mwanamume aliyetawadha kwa maji aliyoyachota mwenyewe. Birika lilijazwa na yaya wangu, mjakazi wa baba, aliyeletwa kisiwani kwetu tangu mdogo kutoka bara. Alijaza asubuhi, akajaza alasiri, mtungi kichwani, kisha akarudi nyumbani kusali peke yake uani.

Baba alikuwa na minazi na elimu, na vyote viwili alipenda vionekane. Siku moja alimsikia yaya akisoma Alhamdu, ulimi ukimteleza. Akamwita barazani, mbele ya wanafunzi wake wa darsa.

"Sala yako haisihi, ni batili," alimwambia. "Na amali bila sala ni vumbi."

Hakumfundisha. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Alimwondoa kwa mkono, darsa ikaendelea.

Yaya akaacha kusali, kwa aibu. Nilimsihi nimsomeshe mimi, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, ulimi huu mzee haunyooki tena. Mimi nitachota maji tu. Huenda Mungu akanikumbuka kwa maji."

Tangu hapo alichota maradufu. Lakini hofu haikumtoka. Kila mara aliniuliza atakwenda kuwajibu nini malaika kaburini. Nilimpa maneno ya vitabuni, wala hayakumfaa kitu.

Asubuhi moja ya kiangazi alianguka njiani akitoka kisimani, asiinuke tena. Maji yaliyokuwamo birikani, aliyoyachota jana yake, ndiyo yaliyomwosha, yakaisha. Alasiri tukamzika. Mwalimu wa msikitini alipokaa kumsomea talkini, kumkumbusha maiti majibu yake, aliuliza jina la mama wa marehemu, maana maiti huitwa kwa mama. Tukatazamana. Baba, aliyemmiliki miaka yote ile, hakulijua.

"Sema binti Hawa," akasema, kama isemwavyo kwa asiyejulikana kwao.

Fadhila ya punda ni mateke, nasi ndio tuliokuwa punda.

Tuliporudi msikitini magharibi imekwishaingia, na birika kavu. Kisima kilikuwa hapo karibu; mtungi wake, uliookotwa mzima njiani, umeegemezwa ukutani. Hakuna aliyeugusa. Baba, aliyetufundisha kwamba penye maji hakuna kutayamamu, akapiga viganja mchangani, akajipangusa uso na mikono, akatangulia kutusalisha.

Nami nikajipangusa mchanga kama yeye, nikasimama nyuma yake pamoja na wengine. Nimesali umri wangu wote tangu siku ile, na sijui kama imepokelewa hata moja.