Kazi ya Kulegeza Springi

Kuna asubuhi moja ya mwaka wa tisini na tatu ambayo nikiikumbuka, mwanangu, damu inanichemka mpaka leo. Jana mezani ulisema kwamba kazi ya fundi ni kutengeneza, na kitu kitatumiwaje si shauri lake. Sikukujibu mbele ya wageni. Leo nakujibu, na unisikilize mpaka mwisho.

Tulikuwa na kibanda katika mtaa wa Muhima, upande wa kuteremkia bonde la Nyabugogo. Mume wangu Yusufu alitengeneza cherehani, kufuli na saa za ukutani, nami nilishona magauni pembeni yake. Mama yake, Bi Zaituni, alikuja kila asubuhi akakaa karibu na mlango, akishona vifungo vya mashati. Hakuwa msemaji. Nilimwogopa kidogo, maana hata mshono mbaya wa ndani ya pindo aliuona.

Asubuhi hiyo akaingia Ferdinandi, muuza mbao. Tulimjua vizuri, cherehani ya mkewe ilikuwa kwetu ikitengenezwa, na kwenye harusi yangu alicheza mpaka jasho likamtoka. Akatusalimu, akauliza habari za watoto, kisha akaweka mfuko wa ngozi mezani na kutoa vyuma vyembamba vya kutilia risasi, vile vinavyoingia ndani ya mpini wa bastola. Magazini, kama mnavyosema.

"Fundi, hizi magazini springi yake iko ngumu sana," akasema. "Ukitia risasi za mwisho, kidole gumba kinauma. Na ikijaa haishiki vizuri ndani ya bastola, mpaka uipige na kiganja. Vijana wanalalamika."

Yusufu akaichukua moja. Mume wangu akiona springi alikuwa hawezi kuiacha. Akaibonyeza, akaiweka karibu na sikio, akasema hii ni mpya tu, haijazoea kazi, na pengine ina vumbi ndani. Ikisafishwa vizuri na kuachwa imejaa kwa muda, italainika. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kutafuta bisibisi.

"Vijana gani?" Bi Zaituni akauliza kutoka mlangoni.

"Vijana wetu, mukecuru," akajibu Ferdinandi, akimwita bibi kwa heshima ya Kinyarwanda. "Wa kulinda mtaa."

"Wanaulinda usivamiwe na nani?"

Ferdinandi akacheka kidogo. "Si unasikia redio?"

"Naisikia. Nakuuliza wewe. Spesiyoza anayetuletea maziwa, hao vijana watamlinda na yeye?"

Ferdinandi akatazama nje. Sote tulijua redio ilikuwa inawaita watu wa kabila la Spesiyoza mende. Mwishowe akasema, "Mukecuru, mimi naongea na fundi. Watoto wanaumia vidole, nataka wasaidiwe. Basi."

Aliposema hivyo, Bi Zaituni akasimama. Shati lililokuwa mapajani likaanguka, wala hakuliokota.

"Vidole!" akasema. "Unaleta mfuko wa kuulia majirani zangu, halafu unaniambia nihurumie vidole? Mimi sindano imenitoboa vidole tangu ujana, hujaniuliza hata siku moja kama vinauma. Yusufu, weka hicho kitu chini."

"Mama, ni springi tu..."

"Nimesikia kwamba ni springi. Weka chini. Mikono hiyo niliiosha mimi ulipokuwa mchanga. Sikuiosha kwa ajili ya kazi hii."

Yusufu akaweka chini. Ferdinandi akakusanya vitu vyake, uso umebadilika kabisa. Akaacha Kiswahili, akasema kwa Kinyarwanda, polepole, kwamba hatutasahauliwa. Akabeba na cherehani ya mkewe hivyo hivyo ikiwa wazi, skrubu zinadondoka njiani.

Akavuka barabara, akaingia kwa Damaseni, fundi wa redio na tochi. Damaseni akaipokea kazi. Tulimwona kutoka kwetu, mfuko umefunguliwa mezani kwake, anapiga mluzi kama mtu anayetengeneza toroli. Tangu hapo wateja wetu walipungua, na asubuhi moja tulikuta mlango wetu umepakwa kinyesi. Yusufu alimnunia mama yake kwa majuma. Alinung'unika kwamba springi ile ingelainishwa na mtu yeyote, na kwamba tumejitafutia maadui bure. Bi Zaituni aliendelea na vifungo vyake.

Kisha, mwaka uliofuata, mauaji yakaanza. Spesiyoza alipigwa risasi mchana, mbele ya lango lake, sisi tukiwa tumejikunyata nyuma ya ukuta wa nyumba yetu, iliyopakana na yake. Nilimsikia kijana aliyempiga akibadilisha magazini. Iliingia mara moja, laini, kwa mlio mdogo, wala hakuhitaji kuipiga kiganja. Yusufu naye alisikia. Akamtazama mama yake, akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Bi Zaituni akamshika kichwa, kisha akatambaa kupitia upenyo wa ua wa nyuma na kurudi na binti wa Spesiyoza, akamficha chini ya marobota ya vitambaa. Binti huyo, aliyelelewa kwetu tangu siku ile, ndiye shangazi yako Alina.

Mwishoni mwa mwaka huo, vita vimekwisha, nilikutana na Damaseni palepale Muhima. Akanisalimu kwa furaha, kama tulioachana jana. Nikamuuliza kuhusu ule mfuko wa Ferdinandi.

"Mama, mimi sikuua mtu," akasema. "Nililegeza springi tu."

Wallahi, mwanangu, uongo mwingi niliusikia mwaka ule, lakini haukunikasirisha kama maneno haya ambayo yalikuwa kweli. Nikamwambia: twende sasa hivi, ukamwambie Alina hivyo hivyo, usibadilishe hata neno. Akasema ana haraka. Mpaka leo hajaja.

Kwa hiyo usiniambie tena kwamba si shauri lako. Kitu kikiletwa mezani kwako, uliza ni cha nini na kitamwendea nani. Anayekuletea akikwepa jibu, mrudishie, hata kama alicheza kwenye harusi yako, hata kama fundi wa ng'ambo ya barabara ataichukua kazi hiyo kesho. Utapoteza wateja. Huenda hata walio nyumbani mwako wakakununia. Kataa tu.

Mungu azibariki kazi za mikono yako, akupe wateja wenye nia njema, na kila utakachokitengeneza kimfikie mtu akifurahie nyumbani kwake kwa amani. Amina.