Jembe Lisilo na Utepe

Nyasi mbichi zikizikwa ardhini na kuanza kuoza, hutoa harufu nzito yenye utamu kidogo, na hata leo nikiisikia viganja vyangu hujikunja vyenyewe kutafuta mpini. Juzi nilipita Mollo nikamkuta mtu anaunda intumba, yale matuta ya mviringo ambayo sisi Wafipa huzika nyasi ndani yake ziwe mbolea. Nikasimama pembeni ya barabara na viatu vyangu vya ofisini, nikinusa. Mwenye shamba alinitazama kwa wasiwasi, wala sikumlaumu.

Harufu hiyo hunirudisha kwenye siku ambayo, kwa miaka mingi sana, niliamini nilimwaibisha mama yangu mbele ya mke wa mkuu wa mkoa.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama ni mzaliwa wa Mwimbi, na mimba yangu ilipomsumbua walimleta Sumbawanga mjini asubiri siku zake karibu na hospitali. Chakula alichokuja nacho kikaisha. Mwanamke wa kitanda cha jirani, aliyetoka Kipili, ndiye aliyemgawia maharage yake mpaka nikazaliwa, na mama hakuacha kunikumbusha hivyo kila nilipochezea sahani. Kwa hiyo tulipohamia Mollo aliwakusanya wanawake wenzake wakaomba shamba, walime maharage ya wajawazito wanaosubiri wodini. Uongozi wa kata ukawapa eneo kubwa nyuma ya zahanati, kwa sharti kwamba hadi Jumamosi ya mwisho wa mwezi lote liwe limejaa intumba. Wakishindwa, eneo wanapewa wafyatua matofali. Ijumaa jioni nusu ya shamba ilikuwa bado nyasi za kunifika kifuani, na wanawake wawili walikuwa wamelala na homa. Mama hakula usiku ule.

Jumamosi hiyo hiyo ndiyo aliyopangiwa mgeni, mke wa mkuu wa mkoa, kuja kuzindua shamba. Habari zake tulikuwa nazo. Ilisemekana kila Jumanne anaingia wodi ya wazazi bila msafara, anafunga kanga kiunoni, anaogesha vichanga na kukoroga uji. Baba hakuamini hata kidogo. Alisema wake za wakubwa hupiga jembe moja, wakapigwa picha, wakaondoka, na kinachobaki ni alama za matairi kwenye matope.

Na kweli ratiba ilikuwa hivyo. Jembe jipya lenye utepe mwekundu kwenye mpini lililazwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, mgeni alipige mara moja pembeni mwa shamba, basi. Mama aliniita mimi, akanivuta gauni likae sawa, akaniambia mgeni akishuka nimwamkie, nimpe jembe. Hakusema lipi.

Sasa nikwambie jambo moja la kwetu. Watu wakilima pamoja husimama mstari mmoja, na aliyeshika nafasi yake haondoki mpaka mstari ufike mwisho wa shamba. Akiondoka katikati, nyasi zake hubaki zimesimama peke yake, na kila apitaye anajua ni za nani. Mimi katika maisha yangu yote mafupi sikuwa nimeona jembe la kupigia picha. Jembe lilikuwa la kulimia.

Gari lilipofika nikamwamkia mgeni shikamoo, nikaipita meza yenye kitambaa, nikachukua jembe la marehemu bibi, lililolika nusu na mpini wake umelainika kwa viganja vyake. Nikamshika mgeni mkono. Katikati ya mstari palikuwa na pengo, kati ya mama na jirani yetu Msukuma, Mama Masanja, nikamsimamisha hapo.

Afisa aliyeongoza msafara akaja mbio akikwepa madimbwi, akanong'ona kwamba wanasubiriwa kwingine. Mama alitazama chini. Nami nilimjua mama yangu, nikaanza kujiandaa kwa fimbo.

Mgeni akaniinamia. "Mwanangu, mstari huu unaishia wapi?"

Nikamwonyesha mikaratusi upande wa pili. Ilikuwa mbali kweli.

"Basi mwambie dereva azime gari," akamwambia afisa, akavua viatu.

Hakuwa fundi, nitasema ukweli. Tuta lake la kwanza lilibomoka, Mama Masanja akacheka mpaka akashika kiuno, kisha Msukuma huyo akamfundisha mgeni kazi ya Wafipa: laza nyasi kwa mviringo, geuzia udongo juu yake, kandamiza. La tatu likasimama. Afisa naye angefanyaje, akunje mikono huku mke wa mkuu wake yumo kwenye matope? Akavua koti. Akafuata dereva, akafuata mpiga picha, kisha wanaume wa Mollo waliokuja kutazama tu. Baba aliingia wa mwisho, akalima kuliko wote.

Mchana ulipogeuka mstari ulifika kwenye mikaratusi. Vigelegele vile nadhani vilisikika mjini. Kiongozi wa kata alilizunguka shamba lote akitafuta nyasi iliyosimama, hakuiona, akampa mama mkono. Viganja vya mgeni vilikuwa vimetoka malengelenge. Mama aliviosha kwa maji ya vuguvugu, na mgeni, akinywa togwa, akasema, "Jumanne nitawaambia wodini maharage yanakuja." Yalikwenda, na bado yanakwenda kila msimu.

Fimbo hazikuja. Nilidhani furaha ilimsahaulisha mama, nikaona nisimkumbushe.

Mwaka jana tukiwa tunapukuchua maharage ya shamba lile, mimi mtu mzima mwenye watoto, hatimaye nilimwomba msamaha kwa kosa la jembe. Mama aliendelea kupukuchua.

"Skola, kamati nzima ya mapokezi ilikuwa pale. Ningetaka apewe lile la utepe, si ningemtuma mtu mzima?"

Ndipo nikaliona upya lile pengo kati yake na Mama Masanja, upana wa mtu mmoja, lililokuwa likisubiri tangu asubuhi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba aibu ya ushindi wa mama yangu. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na mama akanisogezea ungo, maana nilikuwa nimeacha kupukuchua.