Siku Niliyohutubia kwa Kifaransa Nikamalizia Chini ya Meza

Sipendi kusimulia habari hii, lakini kwa kuwa kila nikipita sokoni Kyela kuna mtu ananiita "Musiyee!", yaani bwana kwa Kifaransa, halafu anajificha nyuma ya magunia ya mchele, ni afadhali mnicheke kwa habari iliyonyooka kuliko kwa ile ya vijiweni, inayosema kwamba nilivukwa na suruali mbele ya mgeni. Suruali haikuvuka. Mengine yote mliyosikia ni kweli.

Mimi ni Gwakisa wa Ndandalo. Shule niliishia darasa la tatu (la nne nililiona kupitia dirishani), na wala sioni haya, maana kakao niliyoipanda kwa jembe langu imewasomesha watoto wangu wote, na nyumba yangu ina vigae, wakati kuna waliofika chuo ambao mpaka leo wanalala chini ya bati lenye kutu, sitaji mtu. Kikundi chetu cha wakulima wa kakao nilikianzisha mimi, nikawa mwenyekiti tangu mwanzo, na uenyekiti ule, niseme ukweli, niliupenda kuliko kitu chochote isipokuwa mke wangu Mama Lusajo, na hata hapo kuna siku nilikuwa sina hakika.

Sasa ikaja taarifa kwamba mnunuzi wa kakao, mama mmoja Mfaransa, atatutembelea kuangalia tunavyovundika na kuanika, na kwa kuwa wanachama wote watakuwepo, siku hiyohiyo tufanye na uchaguzi. Kwenye kikao cha maandalizi akasimama Mwalimu Asegelile, mstaafu, ambaye kiti changu alikuwa anakitolea macho kama paka anavyomtolea samaki anayeanikwa, akasema, "Wenzangu, anakuja Mfaransa. Huyu mwenyekiti wetu atamwambia nini? *Ugonile* yetu ya Kinyakyusa?"

Watu wakacheka. Nami kabla sijafikiri nikasikia mdomo wangu unasema:

"Nitamhutubia kwa Kifaransa."

"Kifaransa cha wapi, mzee?"

"Cha Ufaransa. Kuna kingine?"

Basi. Neno dogo tu hilo. Ningesema "nitamkaribisha kwa Kiswahili" leo ningekuwa natembea sokoni kama watu wengine.

Lakini msinione mjinga moja kwa moja, maana Kifaransa kwangu kilikuwepo, kimejaa nyumba nzima. Mke wa mwanangu Lusajo, jina lake Atupele, ni mwalimu wa Kifaransa sekondari. Shida ni kwamba ni mkamwana wangu, na sisi Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani, hawasemezani, akinikuta njiani anaingia migombani mpaka nipite, na mimi nikitaka kuingia uani kwangu mwenyewe nakohoa kwanza ili apate nafasi ya kujificha. Vijana wa siku hizi wameacha, wanakula na wakwe zao meza moja na kuchekeana. Mimi sijaacha. Tangu aolewe namjua yule binti kwa sauti na kwa ladha ya mboga zake, basi.

Mama Lusajo akaniambia, "Si nimuulize mimi? Atakupangia maneno machache, nami nikuletee."

"Uniletee hotuba kama unavyoniletea uji?"

"Haya. Utaumbuka."

"Nani? Mimi?"

Nikawa na mpango wangu. Ilikuwa likizo, na Atupele alikuwa anawafundisha tuisheni wanafunzi wake nyuma ya nyumba, karibu na ghala. Nikahamishia kiti changu upande wa pili wa ukuta, nikajifanya nachagua mbegu, kumbe nimetega masikio. Kila jioni kulikuwa na kitu kimoja wanachokirudia kuliko vingine vyote. Mwalimu anaanzisha mstari mmoja, darasa zima linapokea kwa pamoja, wakikosea wanarudishwa mwanzo, na binti mmoja nilimsikia kabisa analia. Naandika kama nilivyosikia: *ke je parlase, ke tu parlase, kil parla, ke nu parlasiyo, ke vu parlasiye, kil parlase*. Halafu wanakuja na *ke je finise*, mwendo uleule.

Nikawaza kama mtu mzima. Kitu kinachorudiwa kila jioni kwa sauti moja, mpaka watoto wa watu wanatoa machozi, ni nini? Kanisani ni Imani ya Mitume. Kwa hiyo kwa Wafaransa lazima hiki ni kitu cha heshima kubwa, salamu ya kumpokea mgeni, au kiapo. Nikakikariri chote. Nilikikariri shambani, nilikikariri bafuni, nilimkariria ng'ombe (akaacha kula, nikachukulia kwamba ameguswa).

Siku ikafika. Tuliweka meza kuu uwanjani na kitambaa tulichoazima kanisani, mimi katikati, mgeni kulia kwangu, Mwalimu Asegelile ameketi mbele na kikaratasi chake cha kuombea kura. Akina mama walikuwa nyuma ya migomba na masufuria, Atupele akiwa humo humo, amejifunika kitenge mpaka puani kwa sababu mimi nipo. Na pembeni, kwenye nyasi, wamekaa wanafunzi wa sekondari walioalikwa kuimba wimbo wa kumkaribisha mgeni. Wale wanafunzi walikuwa ni walewale wa nyuma ya ghala. Hilo sikulitafakari.

Nikasimama. Nikavuta koti. Nikamwinamia mgeni, nikaachia kwa sauti ya mwenyekiti:

"*Ke je parlase!*"

Jamani, wanafunzi wote walisimama kama askari na kupokea kwa ngurumo: "*KE TU PARLASE!*"

Nilishtuka, lakini wananchi walipiga makofi, wakidhani tumejipanga. Nami nikadhani ndivyo ibada yenyewe ilivyo. Nikaendelea, "*Kil parla!*" Wakajibu, "*KE NU PARLASIYO!*" Nikaona Mwalimu Asegelile anakunja kikaratasi chake taratibu, ameshakata tamaa, na hapo, ndugu zangu, ndipo kiburi kiliponipanda kichwani, maana badala ya kukaa chini nikachanganya na lile la *finise*. Wanafunzi wakachanganya nami. Sasa tatizo likawa kunyamaza. Kila nikijaribu kutulia, yule aliye mbele anadhani nimesahau, ananianzishia, kundi zima linapokea, na mimi sitaki kuonekana nimeshindwa na watoto, napokea na mimi. Tulikwenda hivyo mpaka jasho likaloanisha koti. Mbuzi wawili waliondoka uwanjani.

Mgeni alikuwa amefunika uso kwa mikono. Nikafikiri analia kwa furaha. Alipoinua uso, machozi yapo kweli, akaniambia kitu kirefu cha Kifaransa ambacho mwishoni kilipanda juu, yaani swali. Anasubiri jibu. Uwanja mzima unasubiri. Nami sikuwa na kitu kingine kichwani ila kile kile, nikamjibu kwa upole:

"*Ke vu finisiye.*"

Akapiga meza kwa kicheko. Kisha akasema kwa Kiswahili (tena Kiswahili kizuri, kumbe ameishi Dar es Salaam miaka mingi), "Mzee, nimekuuliza choo kiko wapi."

Hapo uwanja ukapasuka. Mwalimu Asegelile alikunjua kikaratasi chake.

Na mambo hayakuishia hapo, maana Atupele alishindwa kuvumilia. Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu leo, ni mwalimu, aliona somo lake linachezewa, tena mgeni anateseka. Nikasikia mke wangu anaita toka migombani, "Baba Lusajo, mkamwana anakuja huko!"

Fikirini hali yangu. Meza iko katikati ya uwanja, hakuna kichaka, hakuna ukuta, watu wametanda kila upande, na mkamwana anakuja moja kwa moja mbele yangu. Mtu asiye Mnyakyusa angesema baki tu. Mimi niliingia chini ya meza.

Kitambaa cha kanisa kilikuwa hakifiki chini, kwa hiyo naona miguu tu. Nikaiona ya mgeni ikienda chooni na ya Atupele ikimwongoza, na waliporudi wanaongea Kifaransa kama maji yanavyotoka mtoni, mgeni anacheka, safari hii kicheko cha mtu na rafiki yake. Nikamsikia mgeni akiwaeleza watu kwamba mzee wenu amenyambua vitenzi viwili, kusema na kumaliza, kwa namna ya kizamani kabisa, ambayo hata bibi yake huko Ufaransa alikuwa anaisoma vitabuni tu, haitamki. Atupele akaanza kumweleza, sasa kwa Kiswahili ili wote tusikie, habari za kakao yetu, jinsi mvua za huku zinavyotusumbua kwenye kuanika, na kwamba tunahitaji chanja zilizofunikwa. Alisema yote ambayo mimi ningepaswa kusema. Alisema vizuri. Nilikuwa chini pale natikisa kichwa kukubaliana naye.

Mzee mmoja akapaza sauti, "Sasa uchaguzi tufanyeje, na mwenyekiti yuko chini ya meza?"

"Endeleeni!" nikasema nikiwa humo humo. Ningetokaje, na yeye bado amesimama pale?

Mwalimu Asegelile akapendekeza jina lake. Mtu akapendekeza langu, Mungu ambariki. Kisha sauti ya mwanamke ikasema, "Na mimi nampendekeza Mwalimu Atupele." Atupele akasema, "Hapana jamani, baba yupo hapo." Wakamwambia, "Baba yupo, lakini hatumwoni." Ikaamuliwa watu wajipange kwa makundi: wa Asegelile kushoto, wa Gwakisa kulia, wa Atupele mbele ya meza.

Nikaiangalia miguu. Michache ilienda kushoto. Kulia ilikwenda ya Lusajo mwanangu, na ya mzee mmoja ambaye nadhani alikuwa anatafuta kivuli. Iliyobaki yote ikaja mbele yangu, ikajaa, viatu, makobazi, miguu mitupu yenye matope ya mpunga, mpaka nikakosa mwanga. Na katikati yake, karibu na pua yangu kabisa, zikasimama ndala za bluu ambazo nilizinunua mimi mwenyewe sokoni Ipinda.

"Mama Lusajo," nikanong'ona, "hata wewe?"

Akainama kidogo. "Ndaga fijo, asante sana, baba," akasema, "umefanya kazi kubwa. Sasa pumzika."

Tangu siku hiyo nimeapa: lugha ambayo siwezi kumwonyesha mtu choo kwayo, siifungulii mdomo hadharani, hata wakileta Wachina. Na vikao sikuacha, maana kikundi nilikianzisha mimi. Mwenyekiti wetu Atupele anakaa mbele, na mimi nakaa nyuma kabisa, nimewageuzia wote mgongo, nimeutazama ukuta. Nikitaka kuchangia nanyoosha mkono hivyo hivyo, naye anawaambia walio karibu nami, "Mwambieni baba aseme, tunamsikiliza." Nasema. Wananyamaza wote wakati nasema. Enzi zangu hawakuwa wananyamaza hivyo.