Mabinti wa Wafinyanzi

Miaka ile ya mwishoni mwa tisini, sisi Waafrika tuliokuwa tukienda Guangzhou tulikuwa wachache, kiasi kwamba ukikutana na Mswahili mwenzako pale mtaa wa Xiaobei mnasalimiana hata kama hamjuani, na mkiagana umeshajua analala hoteli gani na mzigo wake unaondoka lini. Mimi nilikuwa nachukua nguo za kike kupeleka Mbeya. Sikununua zilizokwisha kushonwa. Nilichagua vitambaa mwenyewe katika soko la Zhongda, nikavuka barabara na majora yangu hadi mtaa wa Kangle, na huko nikawapa mafundi sampuli ya gauni, wakashona.

Karakana niliyoitumia ilikuwa ghorofani, katika kichochoro chembamba ambacho jua halikifikii. Bosi wake alikuwa mama mmoja mfupi asiyependa maneno mengi. Leo angekwambia uje kesho, na kesho ukija anakwambia meiyou, yaani hakuna, bado. Siku moja ya mvua, baada ya kupewa hiyo meiyou kwa mara nyingine, niliteremka ngazi nimenuna, nikasimama mlangoni kusubiri mvua ipungue. Hapo ndipo niliponusa udongo.

Udongo uliokandwa haunuki kama tope la barabarani. Mimi nimezaliwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa Wakisi, ambako wafinyanzi ni wanawake, na mama yangu alikuwa mmoja wa wale ambao chungu chao kikifika mnadani Matema hakikai chini. Nimekulia ndani ya harufu ile. Kuikuta Kangle, katikati ya vumbi la pamba na moshi wa mafuta ya kukaangia, kulinishtua kama vile nimesikia mtu ananiita kwa Kikisi.

Mlango wa jirani ulikuwa nusu wazi. Ndani alikuwapo mwanamke wa rika langu, kafunga kitambaa kichwani, anakanda donge juu ya ubao. Alilisukuma kwa kiganja, akalizungusha kidogo, akalisukuma tena, mpaka likawa na mikunjo kama ya gamba la konokono. Nilijua anachofanya. Alikuwa anatoa hewa, ili chombo kisipasuke motoni. Aliponiona nimesimama nikimkodolea macho, hakunifukuza. Nikaonyesha udongo, kisha nikajionyesha mimi kifuani. Akasogea kwenye benchi, akanimegea donge.

Nilikuwa sijafinyanga tangu nilipoolewa. Niliomba sahani, nikaweka donge juu yake, nikalitoboa katikati kwa ngumi, nikaanza kuvuta ukuta kwenda juu huku nikiizungusha sahani kwa mkono wa kushoto. Nyumbani tunalainisha kwa gunzi la mahindi. Pale hapakuwa na gunzi, nikatumia mgongo wa kitana changu. Yule mwanamke aliacha kazi yake akaja kuchuchumaa karibu, macho yake usawa wa mdomo wa chungu. Mvua ilikatika, sikujua. Nilipoinua kichwa chungu kilikuwa kimesimama, kinene kidogo kuliko cha mama, lakini kimesimama.

Mume wake alirudi jioni. Alikuwa mhandisi aliyeletwa Guangzhou na kampuni yake, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Kupitia kwake ndipo tulipoanza kuzungumza. Walikuwa Wajapani. Baba yake yule mwanamke alikuwa mfinyanzi anayeheshimika huko kwao milimani, mwenye tanuri refu linalopanda na mteremko wa kilima. Alipokuwa mtoto, binti alikuwa akiwapelekea mafundi chai, lakini siku ya kuwasha moto yeye na mama yake walikatazwa kukaribia, kwa kuwa wazee waliamini mwanamke huharibu moto. Gurudumu la kufinyangia alipewa kaka yake. Alipomwomba baba, baba hakukasirika. Alimwambia tu kwamba jambo hilo halifanywi.

Akaondoka. Alikwenda mji wa mbali kwa fundi mwingine aliyekubali kumpokea. Miaka ya mwanzo kazi yake ilikuwa kufagia, kupasua kuni, kukanda udongo wa wengine na kuwapikia. Aliporuhusiwa kukalia gurudumu alifinyanga kikombe cha umbo lile lile, asubuhi hadi jioni, na jioni fundi aliviponda vyote vikarudi kuwa donge. Nilimuuliza kama hakulia. Alisema alilia sana, ila alilia wakati wa kunawa, maana maji yalificha.

Nami nikamweleza habari za kwetu: kwamba anayejua udongo unachimbwa wapi ni mwanamke, anayefinyanga ni mwanamke, anayechoma ni mwanamke, na wanaume kazi yao ni kupiga makasia kuvifikisha vyungu sokoni.

"Wanaume hawagusi?" aliuliza.

"Hawagusi. Akigusa atachekwa."

Alimtaka mumewe arudie kutafsiri, asije akawa amesikia vibaya. Kisha akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko, kwa sababu mikono yake ilikuwa na udongo.

Tangu siku ile nikawa kila nikitoka Zhongda napitia kwake. Mwenzangu wa chumbani pale Xiaobei, mama wa Mombasa aliyekuwa akinunua redio na pasi, alinishangaa. "Dadangu," aliniambia, "watu waja China kutafuta vitu vya plastiki, wewe waja kufinyanga chungu?" Lakini nilimwona jinsi alivyokuwa akinisubiri nisimulie.

Yule Mjapani alikuwa amejenga tanuri dogo pembezoni mwa shamba la mboga, upande wa kusini wa jiji ambako majengo yalikuwa hayajafika. Matofali aliyakusanya kwenye nyumba zilizobomolewa, na wakati ule Guangzhou ilikuwa inabomolewa kila kona. Duka moja huko kwao lilikuwa limemwahidi kuonyesha vyombo vyake, akiviwahisha. Moto wa kwanza nilisaidia kubeba na kupanga. Tulipofungua, rafu moja ilikuwa imeporomoka na paa la tanuri limeingia ufa, mabakuli yameangukiana na kugandana kama mikate. Machache tu yalikuwa mazima, na hayo yalikuwa yamepinda midomo.

Alichukua nyundo, akaanza kuyavunja, hata yale mazima. Nilimshika mkono, nikamwambia hili linashika maji, kwetu tungepikia.

"Linashika maji," alijibu kwa Kiingereza chake kifupi. "Lakini likitoka hapa, watajua mimi nimeliona, nikasema linafaa."

Nilimwachia mkono. Nilimkumbuka mama, ambaye chungu kilichopata ufa alikipasua akakitumia kukaangia karanga, lakini hakikufika sokoni kamwe, hata mwaka wa njaa. Tulivisaga vile vigae pamoja, tukavichanganya na udongo mbichi, tukajengea paa jipya la tanuri, imara kuliko la kwanza.

Maandalizi ya moto wa pili yakamchukua majuma mengi, na kwa bahati magauni yangu nayo yalikuwa hayajaisha. Kazi ya kuni niliichukua mimi. Ajenti wetu wa mizigo alikuwa na jirani anayetengeneza makreti, na vipande vya msonobari vilivyobaki alivitupa. Nilivifunga kwa kamba za majora nikavipeleka shambani kwa pikipiki ya mizigo. Chungu changu, ambacho yule mwanamke alikuwa amekitunza rafuni hadi kikakauka vizuri, alikipanga ndani kabisa, nyuma ya mabakuli yake.

Kabla hatujawasha, baba yake akaja. Alisema amekuja kuliona jiji, na hakuna aliyemwamini. Alikuwa mzee mwembamba, kavaa koti safi, mwenye vidole vya fundi vilivyopinda. Nilimwamkia kwa kuinama kidogo na kukunja goti, kama tunavyowaamkia wazee nyumbani, naye akaniinamia kwa namna ya kwao. Siku ya moto alipewa kreti la kukalia, akalisogeza mwenyewe nyuma, mbali na tanuri, akakaa mikono magotini.

Binti yake ndiye aliyeamrisha. Mume alipasua kuni, mimi nilijifunga kitenge nikasukuma vipande kwenye tundu la ubavuni kila aliponipa ishara. Joto lilipanda vizuri, kisha likagoma. Moshi ukawa mzito, moto ndani ukabaki mwekundu badala ya kwenda kwenye weupe. Nilimwona anazunguka tanuri, anainama, anasimama. Mwishowe alimgeukia baba yake, akamuuliza kama aongeze hewa au apunguze.

Mzee aliutazama mwali uliokuwa ukichungulia kwenye dohani kwa muda mrefu. Kisha akajibu, na mume akaninong'oneza: "Anasema, tanuri hili silijui. Wewe ndiye unayelijua."

Nilidhani ni jibu la ukatili. Lakini uso wa binti ulibadilika, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akaenda moja kwa moja kwenye tundu la hewa, akaliziba nusu kwa tofali, akaniambia nipunguze kuni, niweke vipande vyembamba tu. Tukasubiri. Moshi ukawa mwepesi, na kidogo kidogo moto ukaanza kung'aa hata ukawa hauangaliki. Nilipogeuka, mzee alikuwa amesogeza kreti lake mbele, bila mtu kumwona.

Tanuri liliachwa lipoe lenyewe. Siku ya kufungua nilivaa gauni langu la kanisani, na mwenzangu wa Mombasa akafuatana nami, kajipamba buibui lake jipya, akisema lazima akishuhudie kinachonifanya nirudi chumbani nanuka moshi. Yule Mjapani aliondoa tofali moja moja. Bakuli la kwanza lilipotoka, sote tulisogea. Majivu ya msonobari yalikuwa yameyeyuka juu yake yakawa kama kioo, kijani kilichofifia, yakitiririka ubavuni na kuishia kwenye tone karibu na kitako. Likafuata la pili, na la tatu, na yote yalisimama sawa.

Baba yake alichukua bakuli moja, si lile lililong'aa kuliko mengine. Aligeuza kitako, akakipitishia kidole, akaliweka chini. Akalichukua tena. Kisha akamwambia binti yake maneno machache, polepole, akiwa ameinamisha kichwa. Nikamuuliza mume wake amesema nini.

"Ameomba auziwe," aliniambia. "Kwa maneno anayoyatumia kwa mafundi wakubwa wenzake. Sijawahi kusikia mzazi akimwambia mtoto hivyo."

Binti hakusema chukua tu, baba. Alimjibu kama mwenye karakana anavyomjibu mteja anayemheshimu: akamshukuru, akalifunga bakuli kwa karatasi, akapokea malipo kwa mikono miwili. Ndipo akaenda nyuma ya tanuri akakaa huko peke yake kidogo. Sisi tulijifanya tunahesabu matofali.

Chungu changu kilitoka mwisho. Upande mmoja ulikuwa mweusi, upande mmoja mwekundu wa kuiva, na begani kilikuwa na madoa ya majivu kama mvua ya kwanza kwenye vumbi. Mzee aliuliza nani kakifinyanga. Akaonyeshwa mimi. Akauliza ni fundi gani aliyenifundisha. Nikasema mama. Na mama? Bibi. Na kabla yake? Nikasema ni mama zetu wote, hatujui aliyeanza. Aliingiza mkono ndani ya chungu, akaupitisha ukutani taratibu, macho ameyafumba.

"Mwambie mama yako," alisema, "mkono wake nimeukuta humu."

Mwenzangu wa Mombasa alinifinya mkono, akasema, "Umesikia wewe?" Nilikuwa nimesikia. Nimesifiwa mara nyingi kwa biashara, kwa kuchagua kitambaa, kwa kujua mtindo utakaotoka kabla haujatoka. Sijawahi kusimama nimenyooka kama nilivyosimama shambani pale.

Mabakuli yalisafirishwa yakaonyeshwa, na baada ya miaka michache mume na mke wale walirudi kwao. Nilipata habari kwamba yule mwanamke amejenga tanuri lake kilimani, na mabinti wanatoka mbali kuja kujifunza. Baba yake alihudhuria siku ya kuliwasha, na safari hii hakusubiri kuambiwa, alipasua kuni mwenyewe. Nilipoondoka Guangzhou, chungu changu nilimwachia binti. Yeye alinipa kikombe, nikakibeba ndani ya mkoba wa mkononi hadi nyumbani, huku magauni yakisafiri kwa meli.

Mama alikigeuza kile kikombe, akakigonga kwa kucha akasikiliza, akauliza wanachomea kuni gani. Nikamweleza yote, mpaka maneno ya yule mzee. Akaendelea kupepeta mchele. Nilidhani hayakumgusa.

Asubuhi nilimkuta kwenye shimo la udongo na wanawake wenzake, anawasimulia. Katika simulizi yake mzee wa Kijapani alikuwa amepanda ndege na kuvuka bahari kwa ajili ya chungu cha Wakisi tu, na alipokigusa alivua kofia. Wenzake walinigeukia wakaniuliza kama ni kweli.

Nikawaambia ni kweli.