Nyumba ya Mbele

Harufu ya chokaa mbichi hunirudisha Nguba, mtaa wa Bukavu, kwenye kiwanja chetu kilichoteremkia ziwani, mwaka ule Papa, baba yetu, alipojenga nyumba ya kupangisha. Alikuwa karani wa ofisi, mtu wa koti moja la abakosti na viatu vilivyong'aa, na hofu yake kubwa ilikuwa kuzeeka maskini. Fedha ya Zaïre, alisema, inaoza hata ukiifungia sandukuni, lakini matofali hayaozi. Basi tulikula majani ya sombe bila mafuta, tukavaa viraka juu ya viraka, na kila mshahara ukageuka ukuta. Mama alibeba mchanga kutoka ufukweni na kukoroga chokaa mpaka mikono ikachubuka. Kwa kazi hiyo yote aliomba kitu kimoja: dirisha la chumba kikubwa litazame ziwa. Papa alikubali. Siku kioo kilipowekwa, Mama alikifuta kwa kitenge chake, akatuonyesha mahali ambapo angeweka kitanda.

Hakukiweka. Rangi ilipokauka, Papa alimleta mkurugenzi mmoja kutoka Kinshasa na familia yake, nasi tukabaki nyuma, kwenye aneksi ya mbao iliyopakana na jiko na choo. Ni kwa muda tu, alituambia, mpaka kodi inunue kiwanja cha pili. Sisi watoto tulikatazwa hata kukanyaga baraza. Ukiniuliza nyumba yetu ilikuwaje, nitakueleza ukuta wake wa nyuma, kwa sababu ndio tulioutazama tukila. Wageni walimsifu Papa kwa akili yake, naye alipenda sana kusifiwa. Mama aliendelea kupepeta mchele.

Mvua zilipoanza, mbao zilivimba na kuota ukungu. Baridi ya Bukavu ilipita katikati ya mbao, na Mama, ambaye kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua tangu siku za mchanga, sasa alikohoa mpaka akashikilia meza. Kabla ya Noeli mkurugenzi alipanda ndege na familia yake kwenda likizo, akamwachia Papa ufunguo. Nyumba ikabaki tupu, kavu, na vitanda vyake vimetandikwa. Mama alingoja mpaka Papa alipomaliza kula, kisha akamwomba amruhusu alale kule mbele mpaka kifua kitulie. Hakuomba kitanda cha mtu. Angetandika mkeka wake chini ya dirisha lile.

Papa alinawa mikono polepole. "Mama Neema," alisema, "nyumba iko na benyewe. Balisha kulipa." Wenye nyumba, kwake, walikuwa wale waliokwisha kulipa kodi.

Nilikuwa binti mkubwa, Neema mwenyewe, na nilimchukia pale pale. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa abakosti yake, iliyoning'inia msumarini juu ya kichwa cha Mama. Mama hakuomba tena. Alifariki alfajiri moja kabla mkurugenzi hajarudi, akiwa amegeukia mbao zilizolowa.

Asubuhi hiyo Papa alifungua nyumba ya mbele. Wenzake wa ofisini wangekuja, padri pia, na aliona aibu watukute kwenye aneksi. Aliwaagiza vijana wa jirani wasogeze viti vya mkurugenzi, jeneza likawekwa sebuleni, nasi kwa mara ya kwanza tukakaa ndani ya nyumba yetu. Wanawake walilia huku wakisifu dari. Nilimsikia tonton mmoja wa ukoo akimwambia Papa kwamba angalau marehemu amekufa ndani ya nyumba nzuri, na Papa akamshukuru.

Zaïre imekwisha, na fedha yake haipo tena. Lakini Papa hakukosea: kodi ya nyumba ile ilinisomesha hadi chuo kikuu, na leo kiwanja kimeandikwa kwa jina langu. Mimi ndiye ninayeishi mbele. Papa amezeeka, hana deni na mtu, anakaa aneksi, ambayo niliiezeka upya kwa mabati. Mvua za mwaka huu zimemwingia kifuani. Juzi alipanda hadi barazani akishika ukuta, akaniuliza kama angeweza kulala kwa siku chache katika chumba kikubwa, kile cha dirisha la ziwani.

"Papa," nilimwambia, "nyumba iko na benyewe."

Alinitazama kidogo, akarudi nyuma kwenye aneksi. Chumba hicho hakina mpangaji.